Kutoka Zizini hadi Kwenye Simu: Historia Fupi ya Tangazo la Ng'ombe Mkoani Simiyu

"Mtamba chotara wa Friziani, mimba ya miezi mitano, lita ishirini kwa siku, mpole, anakula chochote, amezoea mazingira yote. Wahi kabla hajachukuliwa."

Tangazo hilo nililisoma kwenye simu yangu mwezi Agosti 2019. Siku chache kabla nilikuwa katika viwanja vya Nyakabindi, wilayani Bariadi, ambako sherehe za Nane Nane zilifanyika kitaifa mfululizo kuanzia mwaka 2018 hadi 2020. Nilisimama mbele ya banda la ng'ombe wa maziwa pamoja na umati wa wakulima wa pamba, tukitazama kiwele kilichojaa kama mtungi. Nilitoka pale na ndoto. Mama yangu, mwalimu mstaafu anayeishi kijijini Itilima, alikuwa na sehemu ya kiinua mgongo chake benki, na mimi nilikuwa na imani ya msomi kwamba fedha iliyolala ni fedha inayokufa. Nilimpigia, nikamsomea tangazo neno kwa neno. Akanyamaza kidogo, kisha akauliza: "Baba, mtamba ni ng'ombe ambaye hajazaa. Hizo lita ishirini kamkamua nani, na lini?"

Nilicheka. Nilimjibu kwamba ni makadirio ya kitaalamu. Jioni ile nilikuwa nimekwisha kutuma shilingi milioni mbili na laki mbili.

Mtamba alishushwa kutoka kwenye lori usiku, akitokea nyanda za juu zenye baridi, mamia ya kilomita kutoka kwetu. Bwana mifugo alipompima kwa mkono hakukuta mimba. Alipouliza cheti cha chanjo ya ndigana kali, hakikuwapo. Wiki ya saba alikufa kwa ndigana, kwa kuwa hakuwa amewahi kukutana na kupe wa kwetu, huku ndama wetu wa kienyeji wanakutana nao tangu wakinyonya, na wanaosalimika hukua na kinga yake. Mama aliagiza achunwe, ngozi ikawambwa ukutani, akanipigia simu. Hakulalamika. Aliniuliza jambo moja tu: "Sasa ngozi hii tumpelekee nani?"

Namba ya muuzaji ilikuwa haipatikani tangu wiki ya pili.

Msomaji aliyekulia mjini huenda asione uzito wa swali lile. Nataka kulieleza kwa njia ya historia, kwa sababu ndani yake mna hoja nzima ya makala haya: kwamba udanganyifu katika matangazo ya mifugo haukuletwa na simu wala na kuharibika ghafla kwa tabia za watu. Umepata nafasi kwa sababu neno la muuzaji limetenganishwa na zizi, na mashahidi waliokuwa wakilibana neno hilo wameondolewa, huku mahali pao pakibaki patupu.

Ng'ombe wa amana

Katika Usukuma niliyoikuta nikiwa mtoto, mtu mwenye ng'ombe wengi hakuwaweka wote katika zizi moja. Babu yangu alikuwa na ng'ombe katika kaya tano au sita, baadhi zikiwa mwendo wa siku nzima kwa miguu. Sababu zilikuwa wazi kwa kila mtu. Maradhi yakiingia katika boma moja, mengine yanasalia. Wezi wakivamia usiku, hawabebi mali yote. Wazee walikuwa na kumbukumbu za kutosha za hasara: sotoka iliyoipiga Afrika Mashariki mwanzoni mwa miaka ya 1890 ilifuta mazizi mazima, na wizi wa mifugo wa miaka ya mwisho ya 1970 ndio uliozaa Sungusungu katika nchi yetu ya Usukuma na Unyamwezi mwanzoni mwa miaka ya 1980. Kutawanya ng'ombe ilikuwa bima kabla ya kuwapo kampuni za bima.

Aliyepewa ng'ombe wa amana alipata haki tangu siku ya kwanza. Maziwa yalikuwa yake, samadi ilikuwa yake, na maksai waliokwisha kufunzwa jembe la plau walimlimia shamba. Baada ya kuzaliana, alipewa ndama kwa utaratibu uliokubaliwa mbele ya watu. Maskini aliyefuga kwa uaminifu aliweza, baada ya miaka, kuwa na zizi lake mwenyewe. Mwenye mali naye alipata ulinzi, malisho na jina.

Mkataba huo haukuandikwa, lakini ulikuwa na mashahidi. Ng'ombe alikabidhiwa mchana, mbele ya majirani, na kila sifa yake ilitajwa pamoja na kila kasoro: huyu hupiga teke, huyu aliharibu mimba mwaka jana, huyu chuchu moja haitoi. Kuficha kasoro kulikuwa ujinga, maana hasara ilimrudia mwenyewe. Ng'ombe alipokufa, mfugaji alimpelekea mwenye mali ngozi, na mara nyingine sehemu ya nyama, kuthibitisha kwamba mnyama amekufa kweli, hakuuzwa wala hakuchinjwa kwa siri. Ngozi ilikuwa hati. Ilifunga hesabu kati ya watu wawili waliojuana, na ilitazamwa na macho yaliyomjua yule ng'ombe kwa rangi na mabaka yake.

Ndiyo maana mama aliuliza vile. Alikuwa na hati mkononi, akakosa mtu wa kumkabidhi.

Nisiwapambe wazee kupita kiasi. Kulikuwa na waliodai ng'ombe amekufa ilhali amevushwa mto, na wenye mali waliowanyima wafugaji ndama wao. Mabaraza ya wazee yalijaa kesi hizo. Lakini angalia jambo hili: kesi ziliwezekana. Mdai alimjua mdaiwa, mashahidi walikuwapo, na mnyama alikuwa na historia.

Mnada, dola na ahadi zake

Utawala wa Waingereza ulipojenga masoko ya mifugo kati ya vita viwili vikuu, neno la muuzaji lilihamishwa kutoka zizini hadi uwanjani. Mnada uliwakutanisha wasiojuana. Hata hivyo ulibaki na kinga mbili: mnyama alikuwapo mbele ya mnunuzi, na muuzaji alitakiwa kuthibitisha kwamba mali ni yake. Mpaka leo mtu anayepeleka ng'ombe mnadani hubeba kibali kutoka kwa mtendaji wa kijiji. Dalali anaweza kusema maneno elfu, lakini mnunuzi hushika nundu, hufungua mdomo akahesabu meno, humtembeza mnyama aone kama anachechemea. Mara nyingi hakuna mzani. Bei hukadiriwa kwa macho. Mwenye macho makali hufaidi, mgeni huumia. Ni soko lenye dosari, lakini mbuzi hayumo kwenye gunia.

Dola yenyewe ilikuwa na matangazo yake. Mpango wa Maendeleo wa Usukuma, ulioanza mwaka 1947, uliwataka wafugaji wapunguze mifugo yao ili kuokoa ardhi, ukiambatana na amri, faini na kodi. Waliambiwa kwamba ng'ombe wachache wangewaletea maisha bora zaidi. Huenda hoja ya ardhi ilikuwa na ukweli ndani yake, kwani mmomonyoko ulionekana. Lakini aliyetoa ahadi hakuweka chochote rehani. Mfugaji aliyeuza ng'ombe wake kwa amri, kisha mvua ikakosa, hakuwa na mahali pa kupeleka ngozi. Upinzani ulikua hadi machafuko ya Geita ya mwaka 1958, na serikali ikalazimika kuachana na shuruti. Wengi wetu hufundisha tukio lile kama sura ya harakati za uhuru, na ni sawa. Lakini ni sura pia ya watu waliokataa tangazo lisilo na mdhamini.

Farasi walioandika sheria yetu

Hapa nawaomba wanafunzi wangu wa sheria wavumilie mwanahistoria akipita shambani kwao. Sheria tuliyonayo kuhusu maneno ya muuzaji haikuzaliwa katika mazizi ya Bariadi. Sehemu yake kubwa ilizaliwa Uingereza, na mnyama aliyezua mashauri mengi alikuwa farasi. Mwaka 1854, katika shauri la Hopkins dhidi ya Tanqueray, mnunuzi alikuwa akimkagua farasi kabla ya mnada jijini London. Muuzaji akamwambia asijisumbue kutafuta kasoro, farasi ni mzima kabisa. Mnunuzi akaacha kukagua, akanunua, na farasi akabainika kuwa na kasoro. Mahakama ikaamua kwamba maneno yale hayakuwa dhamana, yalikuwa mazungumzo ya kawaida tu. Mnunuzi akabeba hasara yake.

Miaka 59 baadaye, mwaka 1913, shauri linalofanana sana lilifika mbele ya mabwana wa sheria wa Baraza la Juu la Bunge la Uingereza: Schawel dhidi ya Reade. Mnunuzi alitaka farasi dume wa kuzalisha. Alipoanza kukagua, muuzaji akamzuia kwa maneno yanayokaribiana na yale ya kwanza. Safari hii uamuzi ulikuwa kinyume: maneno yale yalikuwa dhamana, na muuzaji aliwajibika.

Wataalamu wa sheria watatueleza tofauti nyingi kati ya mashauri hayo mawili. Mimi nachukua funzo moja. Muuzaji anayesema "usikague, niamini" ameomba neno lake lichukue nafasi ya macho ya mnunuzi. Akishapewa nafasi hiyo, haki inamtaka aijaze. Tangazo la kwenye simu ni neno la namna hiyo kwa umbo lake lenyewe. Mnunuzi yuko Itilima, mnyama yuko mbali, picha ni moja, na huenda hata si ya mnyama yule. Macho hayapo. Kilichobaki ni neno tupu, na kwa sababu hiyo neno hilo lilipaswa kubeba uzito mkubwa zaidi kuliko lile la dalali wa mnadani. Kwa hali ilivyo, linabeba uzito mdogo zaidi.

Si kwamba nchi haina sheria. Sheria yetu ya Uuzaji wa Bidhaa, Sura ya 214, iliyofuata kielelezo cha ile ya Uingereza ya mwaka 1893, inataka kitu kinachouzwa kwa maelezo kilingane na maelezo hayo. Sheria ya Ushindani Na. 8 ya mwaka 2003 inakataza mwenendo wa kupotosha walaji katika biashara. Kwa karatasi, mtamba wa mama yangu alikuwa na sheria mbili zinazomtetea. Kwa vitendo, alikuwa na namba ya simu iliyozimwa.

Kopa ng'ombe, lipa ng'ombe

Upande wa ukopeshaji una historia inayotia moyo zaidi. Tangu miaka ya 1970, shirika la Heifer International, lililosafirisha mitamba yake ya kwanza kwenda Puerto Rico mwaka 1944, limefanya kazi nchini mwetu kwa utaratibu ambao wananchi waliupa jina wenyewe: kopa ng'ombe, lipa ng'ombe. Familia inapewa mtamba, na deni lake inalilipa kwa kumkabidhi mtamba aliyezaliwa kwa familia nyingine. Katika maeneo kama Kagera na Tanga, utaratibu wa aina hii umezileta kaya nyingi katika ufugaji wa maziwa.

Kilichoufanya ufanikiwe hakivutii machoni. Kabla ya kupata ng'ombe, mkopaji alitakiwa ajenge banda, apande majani ya malisho na ahudhurie mafunzo. Masharti yalitangulia mnyama. Na deni lililipwa hadharani, mbele ya majirani ambao baadhi yao walikuwa wakisubiri zamu yao. Ukitazama vizuri, ni binamu wa amana ya babu yangu: mashahidi, ndama, na hesabu inayofungwa mbele ya watu.

Linganisha na matangazo ya ukopeshaji yanayozunguka siku hizi. "Ng'ombe bure, utalipa ndama tu!" Hayataji banda. Hayataji pumba wala mashudu, ambayo bei yake hapa kwetu katika nchi ya pamba hupanda na kushuka pamoja na msimu wa viwanda vya kuchambulia. Hayataji dawa ya kuogesha, wala maji ya kiangazi, ambayo ng'ombe wa maziwa huyanywa kwa madebe katika mwezi ambao mama wa nyumba anatafuta ndoo moja. Mkopaji hugundua gharama hizo akiwa tayari ameshika kamba.

Na sisi wenye mishahara tuna matangazo yetu ya uongo. Nimesoma moja la mtumishi wa mjini aliyekuwa akitafuta "kijana mwaminifu, mchapakazi, mwenye uzoefu, asiyetumia kilevi" wa kumfugia ng'ombe wanne kijijini: maziwa yote yauzwe na fedha itumwe, ndama wa kwanza hadi wa tatu ni wa mwenye mali, "na baada ya hapo tutaongea." Babu yangu angeona aibu. Mfugaji wa amana alikunywa maziwa siku ile ile aliyokabidhiwa ng'ombe. Huyu wa sasa anaombwa uaminifu wa mwana na kuahidiwa ujira wa mpita njia, kisha akiuza ndama kwa siri tunasema vijana wameharibika.

Lugha ya mbegu na mavuno

Matapeli wakubwa waliitambua nguvu ya lugha hii kabla ya wanazuoni. Mwaka 2009 mpango wa upatu uliojulikana kama DECI ulikusanya fedha za maelfu ya Watanzania kwa maneno ya shambani: unapanda mbegu, unangoja, unavuna. Serikali iliusimamisha na viongozi wake wakafikishwa mahakamani. Mwaka 2020 Mahakama ya Hakimu Mkazi Kisutu ilimtia hatiani mwendeshaji wa mradi uliojulikana kwa jina la Mr. Kuku, ambamo watu walitoa fedha kwa ahadi kwamba kuku watafugwa kwa niaba yao na faida nono itarudi baada ya miezi michache.

Tazama ustadi wake. Mradi ule wa pili ni amana iliyogeuzwa: mimi nina mtaji, wewe fuga, tugawane. Waliotoa fedha hawakuwa wajinga. Walikumbuka jambo la kweli ambalo babu zao walilifanya na likafaulu, wakaamini ni lile lile. Tofauti ilikuwa moja, kwamba hakuna aliyekwenda kuhesabu kuku. Nawasihi wanaharakati wanaopenda kuwakejeli waliotapeliwa walifikirie hilo. Udanganyifu uliofanikiwa hujengwa juu ya uaminifu uliokuwapo, kama kupe anavyoishi juu ya mnyama mwenye damu.

Nani atapokea ngozi?

Mwezi Juni 2025, hapa hapa Bariadi, Rais Samia Suluhu Hassan alizindua kampeni ya kitaifa ya chanjo na utambuzi wa mifugo. Msingi wa utambuzi ni sheria ya siku nyingi kidogo, Sheria ya Utambuzi, Usajili na Ufuatiliaji wa Mifugo Na. 12 ya mwaka 2010, ambayo utekelezaji wake ulikwenda kwa kusuasua na kwa manung'uniko. Wafugaji wengi waliitazama hereni kama njia nyingine ya kuwahesabu ili watozwe, na ukikumbuka miaka ya 1940 na 1950 utaelewa hofu hiyo imetoka wapi.

Mimi naiona hereni kwa jicho la yule mtamba. Namba sikioni ni mwanzo wa kumrudishia ng'ombe historia yake. Lakini namba inayosema ng'ombe ni wa nani tu itatusaidia kukamata wezi, haitatusaidia kukamata waongo. Nawaomba watumishi wa umma wanaosoma ukurasa huu, hasa maofisa mifugo wa kata na halmashauri, wafikirie hatua moja zaidi: anayemtangaza ng'ombe kwa mtu asiyemwona ataje namba ya hereni, na kwa namba hiyo mnunuzi aweze kuuliza kwa ofisa wa kata anakotoka mnyama. Amechanjwa nini? Amehamilishwa lini, na nani aliipima mimba? Amezaa mara ngapi? Maswali manne yanatosha. Ofisa akijibu, amekuwa yule jirani aliyesimama zizini siku ya makabidhiano.

Kwa wanafunzi wangu nina ombi dogo. Msomapo tangazo lolote, la ng'ombe au la kitu kingine, tafuteni kwanza neno ambalo haliwezi kuwa kweli kwa maana yake lenyewe. Lita ishirini za mtamba ni neno la namna hiyo. Mama yangu, mwenye cheti cha ualimu, alilikamata kwa sekunde tano. Mimi mwenye shahada ya uzamivu nililipa kwa ajili yake, tena kwa fedha zisizo zangu. Wahenga walisema kizuri chajiuza, kibaya chajitembeza, nami nilikuwa nikiwafundisha wengine methali hiyo.

Nimekuwa nikimrudishia mama fedha zake kidogo kidogo, naye huzipokea bila kusema neno. Mwaka juzi alimchukua ng'ombe wa kienyeji kwa amana kutoka kwa jirani yake, baada ya kumtazama akikamuliwa asubuhi tatu mfululizo. Anatoa lita mbili. Ile ngozi bado iko ukutani, imekauka na kukakamaa. Nilipomwambia wakati mmoja aiuze au aitupe, alinijibu kwamba hesabu yake haijafungwa.